Kipande cha Ubao Kwenye Sufuria

Watu wa mtaani walimwita Bwana Tone, na yeye hakukasirika. Alikuwa fundi bomba wa miaka mingi, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kutulia kwenye nyumba yenye bomba linalovuja. Mmekaa mnazungumza, mnacheka, mara anainamisha kichwa upande na kuinua kidole. "Ssss! Mnasikia?" Hakuna anayesikia. Yeye anasikia. Atanyanyuka, ataingia chooni kwa wenyewe bila kuomba ruhusa, na baada ya muda atarudi anapangusa mikono kwenye suruali, uso umekunjuka. Mkewe alishazoea kuomba radhi kwa niaba yake.

Basi binti yao, waliyempa jina la Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na hajanyamaza hadi leo, aliposema anataka kujenga kayaki ya mbao, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, palepale nyumbani, baba mtu hakuuliza itakuwa na urefu gani wala itapakwa rangi gani. Aliuliza, "Itavujia wapi?"

"Haitavuja, baba."

"Kila kitu kinavuja. Mimi nauliza wapi."

Chiriku alikuwa amepata kazi kwa watu wanaopima maji ya bwawa kubwa linalonywesha mji. Alichota maji kwenye vichupa, huku na huku, hadi kule ndani kwenye matete ambako boti ya injini haipiti. Kayaki ya ofisi ilikuwa ya plastiki, kuukuu, iliyozibwa na kuzibwa tena mpaka haikueleweka ipi plastiki na ipi kiraka. Alitaka ya kwake, nyepesi, anayoweza kuibeba begani na kwenda nayo peke yake.

Hilo la peke yake ndilo lililomkaa baba yake kooni. Bwawa lile lina kina, maji yake yana baridi ya kukata mifupa, na ukiwa katikati hata upige ukelele namna gani, sauti inakuishia mdomoni. Lakini binti ni mtu mzima na kazi ni kazi. Bwana Tone alipiga moyo konde. Kama lazima aende, akaamua, ataenda ndani ya kitu ambacho mimi mwenyewe nimekichagulia kila ubao, kila waya na kila kopo la gundi.

Wakaanza kuchagua, na kuchagua huko kukawa burudani ya nyumba nzima. Mvule ulikataliwa siku ya kwanza: mgumu, unadumu, lakini ukishaubeba mpaka majini huna tena mkono wa kupigia kasia. Msonobari ulikuwa mwepesi, ila una vifundo, na Bwana Tone hakutaka kusikia habari ya vifundo. "Kifundo ni tundu linalosubiri siku yake," alisema. Mwishowe Chiriku akatandaza mchoro mezani na kueleza njia aliyoitaka. Unachukua plaiwudi nyembamba, unaikata vipande vyenye umbo kama la majani marefu, unatoboa matundu madogo kandokando, kisha unavishona vipande hivyo kwa waya wa shaba. Baada ya hapo unapaka gundi ya kuchanganya kwenye mishono, unalaza juu yake kitambaa cha nyuzi za kioo, unapaka tena gundi, na vanishi inamalizia.

Mama Chiriku, aliyekuwa pembeni anamalizia gauni la mteja, alisimamisha cherehani. "Kushona? Mbona hamkusema mapema? Hapo sasa mmefika kwangu."

Tangu hapo waya ukawa wa mama. Bwana Tone alimletea waya wa shaba aliouchuna kwenye nyaya za zamani; mama akausokota kati ya vidole, akautupa. "Huu unakata. Utakula ubao." Akaleta mwingine. "Huu umechoka." Wa tatu aliusokota, akaulegeza, akausokota tena, akatabasamu. Mumewe alimtazama vile vidole vyake vyenye makovu ya sindano na kujisikia ana bahati, ingawa hakusema. Mdomo wake ulikuwa mwepesi kwenye mabomba tu. Kwenye mambo mengine ulikuwa mzito ajabu.

Ikabaki plaiwudi, na plaiwudi ndiyo kayaki yenyewe. Bwana Tone aliwaeleza mpaka wakachoka: plaiwudi si ubao, ni tabaka jembamba la ubao lililogundishwa juu ya jingine. Kwa macho zote ni sawa. Kinachotenganisha ya kabati na ya majini ni gundi iliyofichika humo ndani, na gundi huioni mpaka ikuaibishe.

"Basi tutamwuliza kaka," mama alisema. Na yakaisha hapo.

Kaka yake, mjomba wa Chiriku, alikuwa na duka la mbao na vifaa vya ujenzi. Wateja walimwita Tajiri, ingawa viatu vyake vilikuwa vilevile kila mwaka. Wazazi wao walipofariki yeye aliacha shule, akabeba mifuko ya saruji mgongoni ili mdogo wake asome, na baadaye akamnunulia cherehani ya kwanza, ileile iliyokuwa bado inafanya kazi pale sebuleni. Katika nyumba ile neno lake halikujadiliwa. Akikohoa, maji yanaletwa.

Alikuja na gari lake la mizigo, honi juu, plaiwudi zimefunikwa kwa turubai utadhani bibi harusi. Hakutaka kusikia habari ya bei. Mpwa amepata kazi, hii ndiyo pongezi yake, na atakayeleta ubishi atamkuta. Akavuta turubai na kuonyesha kwa kidole muhuri mwekundu kwenye pembe, wenye picha ya nanga.

"Mnaiona nanga hiyo? Ya majini, hiyo! Mzigo mpya kabisa. Nimesimama mwenyewe nikachagua za juu." Akamgeukia Bwana Tone na kumpiga bega. "Shemeji, wewe shughulika na mabomba yako. Mbao niachie mimi."

Mama Chiriku alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Walikula, wakacheka, na jioni mama na binti wakamsindikiza mjomba dukani kwake kuchukua misumari na koleo.

Bwana Tone alibaki na plaiwudi. Hakuwa na shaka nazo. Tuseme kweli, alizipenda. Ila mtu mwenye ugonjwa wake hawezi kulala bila kugusa bomba. Zamani, akitengeneza tangi kwa fundi mmoja wa boti, alimsikia akisema kwamba plaiwudi ya majini huijui kwa muhuri, unaijua kwa kuichemsha. Ikichemka kutwa, ikapoa, ikachemka tena na isiachane, hiyo ikabidhi hata mtoto wako. Kwa hiyo alikata kipande kidogo kwenye pembe, kisichozidi kiganja, akachukua sufuria ya kati ya mkewe, akatia maji na kuwasha gesi. Alifanya hivyo huku anapiga mluzi.

Mluzi ulikatika kabla maji hayajapungua. Kipande kilikuwa kinafunguka. Kwanza pembe moja ilijikunja, halafu tabaka la juu likavimba na kuachia, na alipokitoa kwa uma, kikateleza na kugawanyika kama daftari lililoangukia kwenye ndoo. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, na povu zito limejishikiza ukingoni mwa sufuria.

Aliketi kwenye kigoda. Aliogopa, na hofu yenyewe ilikuja kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa bwawa. Alijua vizuri ubao wa namna ile unavyofanya. Hautaachia siku ya kwanza, wakati watu wote wamesimama ukingoni wanapiga makofi. Utafunikwa na gundi na kitambaa, utang'aa kwa vanishi, utasubiri. Siku moja kayaki itakwaruza jiwe, maji yatapata njia yao nyembamba, na Chiriku atakuwa ndani kabisa kwenye matete. Fungu la pili lilikuwa shemeji. Alijaribu kuyapanga maneno. Shemeji, zile mbao... Shemeji, usinielewe vibaya... Kila alipoyapanga, aliona uso wa mkewe ukimsikiliza.

Mwishowe akapata njia ambayo kwa macho ya mwoga ilionekana imenyooka. Shemeji mwenyewe kalaghaiwa, hana kosa. Kwa nini aaibishwe mbele ya dada yake? Yeye atatafuta plaiwudi nyingine kimyakimya, atazichemsha, atazipanga palepale, na kila mtu ataamini ndizo za mjomba. Uongo mdogo, wa heshima, usiomdhuru mtu. Ndivyo alivyojiambia, na alijiambia mara nyingi mno.

Mkewe aliporudi, jambo la kwanza aliloona lilikuwa sufuria. Alama ya kahawia ilikuwa imezunguka ndani yake, na hata chuma cha kusugulia hakikuitoa. "Umechemsha nini humu?"

"Mpira wa bomba."

"Kwenye sufuria yangu ya maziwa?"

"Nilisahau."

"Umesahau kwamba una akili," alisema mama, akacheka, na mambo yakapita.

Plaiwudi nyingine alizipata upande wa pili wa mji. Hazikuwa na muhuri, hazikuwa na sura, lakini alichemsha kipande chake kwenye debe kazini kwake, kikapoa, akakichemsha tena, na hata kwa bisibisi hakikubandukika. Alizileta mchana nyumba ikiwa tupu, akaziegemeza kwenye banda la nyuma alimohifadhi mabomba yake. Za mjomba, zenye nanga, alizisukumia nyuma ya kabati la nguo chumbani. Alikuwa na nia ya kuzitoa. Lakini plaiwudi pana hivyo unazitoa vipi mtaa mzima usione? Akaahirisha, tena akaahirisha.

"Hili kabati limetembea?" mkewe aliuliza siku moja. "Mlango haufunguki wote."

"Sakafu imebonyea."

Yaliyotokea baadaye angeweza kuyaona yanakuja, kama angekuwa mtu wa kutazama mbele badala ya kusikiliza chini. Bomba kuu la jengo moja kubwa la mbali lilipasuka, akaitwa, akalala hukohuko kwa siku kadhaa akifukua na kuunga. Aliporudi, begi la zana likiwa bado begani, alisikia vicheko vinatoka kwenye banda la nyuma.

Kayaki ilikuwa imesimama juu ya vigoda viwili. Bado ngozi tu, bila gundi, lakini umbo lake lilikuwa kamili: nyembamba, imechongoka mbele na nyuma, mishono ya shaba imepangwa sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Alikuwa hajaona kitu kizuri hivyo kilichotengenezwa nyumbani kwake. Kisha akachungulia ndani, mahali ambapo mkaaji ataweka miguu, na pale, katikati kabisa, alikutana na nanga nyekundu.

"Nilihamisha kabati nifagie," alisema mkewe. Alisema kwa sauti ya chini, lakini macho aliyakaza kwake. "Nikazikuta. Sikukuuliza, kwa sababu najua ungenipa jibu la sakafu. Sijui kaka yangu amekukosea nini hata zawadi yake uifiche kama kitu cha wizi, ukaenda kuokota mbao zisizo na jina. Mimi nimezirudisha mahali pake. Nimeuweka muhuri ndani, auone akija."

"Mama alisema ulizisahau," Chiriku alidakia, na kweli hakujua zaidi ya hapo.

"Na zile nyingine?" Bwana Tone aliuliza.

"Nimempa jirani. Amezibia banda la kuku."

Hapo ndipo angesema. Kila kitu kilikuwa tayari kusemwa. Alihitaji maneno machache tu. Lakini alimwona mkewe alivyosimama, mkono umeshika ukingo wa kayaki kana kwamba ameshika bega la kaka yake, na ulimi ukamgeuka jiwe. Akatafuta kitu kingine cha kusema, na kati ya vyote alivyoweza kusema duniani, akachagua hiki:

"Mshono huu umepinda. Tufumue tuanze upya."

Mama Chiriku aliuachia ukingo wa kayaki. Alivua miwani, akaikunja, akaingia ndani. Siku zile walizungumza kama watu wanaogongana kwenye foleni: samahani, pita, chakula kipo.

Bwana Tone akabakiwa na silaha moja tu, nayo ni kuchagua. Gundi ikiwa haijapakwa, kayaki inaweza kufumuliwa; ikishapakwa imekwisha. Kwa hiyo alihakikisha gundi haipatikani. Kopo la kwanza alilileta Chiriku; baba akalinusa, akasema limekaa sana dukani. La pili akasema ni jepesi mno. Kitambaa cha nyuzi za kioo kikaja, akasema kina vumbi, gundi haitashika. Kingine kikaja, akasema kimefumwa kwa mapengo. Vanishi akasema ni ya meza. Yule mtu ambaye binti yake alimwamini kwa sababu anajua vitu, sasa alitumia kujua kwake kama kufuli, na kila alipomwona Chiriku anarudisha kopo dukani bila ubishi, alijichukia.

Chiriku alivumilia. Halafu asubuhi moja, akifunga kamba za viatu mlangoni, aliacha kufunga.

"Baba, sema tu kwamba hutaki niende."

"Nani kasema?"

"Kila kitu kina kasoro. Mshono, gundi, kitambaa. Kasoro ni mimi. Unadhani siwezi." Aliikaza kamba ya kiatu kwa nguvu. "Mjomba hakuniuliza hata swali moja. Alileta tu. Yeye ananiamini kuliko wewe."

Akaondoka. Bwana Tone alibaki ameshika fremu ya mlango. Maneno yale yalimkata maini, na bado hakumkimbilia.

Mchana wa siku ya mapumziko mjomba alikuja bila kuitwa na Bwana Tone, kwa sababu aliitwa na Chiriku. Alishusha makopo ya gundi na kitambaa, vyote vipya. "Nimesikia mmekwama kwenye gundi. Mjomba wenu yuko hai, mnakwamaje?" Akaingia bandani, akachuchumaa, akachungulia ndani ya kayaki, na alipoona nanga alipiga kofi la furaha pajani. "Nanga yangu hiyo!" Mama Chiriku alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ugomvi. Alikuwa amekunja mikono ya blauzi. Chiriku alikuwa ameweka vikombe viwili mezani, kimoja cha gundi, kimoja cha kigumishi, na kijiti cha kukorogea mkononi. Gundi ile ikishachanganywa hairudi nyuma. Inapata joto yenyewe, inaanza kukaza, na una muda mfupi tu wa kuipaka.

Alipokiinamisha kikombe cha kwanza, Bwana Tone alisema, "Usichanganye."

Wakamgeukia wote. Alitaka kuendelea kusema, na hakuweza. Basi akainama, akaokota kipande kilichodondoka kwenye msumeno, chenye ncha nyekundu ya nanga, akatembea nacho hadi jikoni. Walimsikia akifungua kabati. Walisikia maji.

"Shemeji anatupikia nini?" mjomba aliuliza akicheka, na walipomfuata walimkuta amesimama mbele ya jiko, sufuria ya maziwa juu ya moto, na kipande cha plaiwudi kinaelea ndani.

"Kaeni," alisema. "Nawaomba mkae."

Walikaa kwenye viti vya jikoni kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Maji yalianza kulia, yakatulia, yakachemka. Mjomba alitazama saa yake, akamtazama dada yake, akainua mabega. Chiriku peke yake alisogea karibu, kwa kuwa kazi yake ni kutazama maji, na yeye ndiye aliyeona kwanza. "Inaachana," alisema.

Bwana Tone akakitoa kwa uma, akakiweka kwenye sahani katikati ya meza. Matabaka yaliteleza, moja huku, moja kule.

Mama Chiriku hakutazama sahani. Alitazama sufuria, ile alama ya kahawia iliyoizunguka ndani, na maji mapya yaliyokuwa yamefika palepale kwenye alama. Akamtazama mumewe. "Mpira wa bomba," alisema polepole.

"Nilitaka kusema," Bwana Tone alianza.

Mjomba aliinua mkono kumnyamazisha. Alichukua tabaka moja la ubao, akalikunja kwa vidole, likakunjika kama ngozi ya ndizi. Uso wake haukuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Bwana Tone, kwa sababu hasira alikuwa amejiandaa nayo.

"Uliichemsha lini mara ya kwanza?"

"Siku ileile ulipozileta. Mlipoondoka tu."

"Siku ileile."

"Sikutaka kukuvunjia heshima, shemeji. Nilijua umedanganywa. Nikasema nitafute nyingine, yaishe kimya, wewe usiaibike mbele ya—"

"Shemeji," mjomba alisema. "Mimi nauza mbao." Aliliweka lile tabaka sahanini kwa uangalifu, utadhani litavunjika. "Tangu siku ile nimeuza. Kila aliyekuja kutaka ya majini nilimpa hiyo. Nilikuwa nawaambia hata mpwa wangu nimempa hizohizo."

Bwana Tone alilisikia bomba la jirani likidondoka, akatamani asilisikie.

"Nani walichukua?" mama aliuliza.

"Wengi za kabati, za dari, hao hawana neno. Lakini zilizobaki zote alichukua yule anayevusha watoto wa shule bwawani. Anabadilisha kitako cha boti." Mjomba alikuwa ameshatoa simu. Aliipiga, akasikiliza, akaipiga tena. "Haipatikani."

Chiriku alikuwa ameshika mgongo wa kiti. "Ile boti naijua," alisema. "Nikiwa kwenye matete huwa inapita. Jana imepita. Ina rangi mpya." Alitazama dirishani, jua lilivyoshuka. "Leo wana masomo ya ziada. Saa hizi ndiyo wanarudi."

Mjomba alisimama kwa nguvu, kiti kikaanguka. Bwana Tone naye akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake, akavikosa ingawa vilikuwa miguuni. Mama Chiriku ndiye aliyezima gesi. Alimwaga maji, akarudisha kile kipande kilichofumuka ndani ya sufuria, akampa mumewe mikononi.

"Beba," alisema. "Na huko utasema wewe. Si kaka yangu. Wewe."

Wakapanda gari la mjomba, mama nyuma kwenye mizigo. Mjomba aliendesha kama mtu aliyesahau kwamba gari lina breki, Chiriku katikati akipiga ile simu isiyopatikana, na Bwana Tone amepakata sufuria ambayo bado ilikuwa na joto. Alikuwa anapanga maneno. Safari hii yalikuja upesi, yote, yamenyooka, hata yale ya tangu siku ya kwanza. Aliona jinsi yalivyokuwa mepesi. Yangetosha kusemwa palepale, kwa simu, mtu akiwa amesimama na uma mkononi.

Walipofika ukingoni, gati lilikuwa tupu. Boti ilikuwa katikati ya bwawa, ya bluu, inang'aa kwa rangi mpya, imejaa mashati meupe. Ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Ilikuwa inakwenda kama kitu kisicho na kasoro yoyote.

Bwana Tone alishuka kabla gari halijasimama. Alikimbia hadi ncha ya gati, akainua sufuria juu kwa mikono miwili, akapiga kelele. Alipiga kelele kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia tangu waoane. Rudini! Boti mbovu! Rudini! Sauti ilikwenda juu ya maji, ikatawanyika, na kule mbali watoto waligeuka kumtazama.

Mmoja akainua mkono. Halafu mwingine, halafu wote, boti nzima, wakimpungia mzee wa gatini na sufuria yake, wanacheka, na boti ikaendelea na safari.

"Tena, shemeji," mjomba alisema nyuma yake, anahema. "Piga tena."